Uliza Mhandisi: Chuma, moto na rangi inayovimba

Katika toleo lililopita tuligusia ujenzi wa maghala ya vyuma ambayo yanazidi kuota kando ya barabara kuu kutoka Mafinga hadi Tunduma, na katika sentensi moja tu tukataja kwamba nguzo za chuma zinaweza kupakwa rangi maalumu ya kuzikinga dhidi ya moto. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko ukurasa wote uliobaki. Tumechagua saba, nyingine tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa sababu baadhi yao wameeleza kazi ambazo bado wanabishana na mafundi wao kuhusu malipo.

Ndugu Mhandisi, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Iringa. Wanafunzi wamenibana: chuma hakiwaki, na ili kiyeyuke kinahitaji nyuzijoto karibu 1,500, joto ambalo moto wa kawaida wa jengo haufikii. Sasa kinakingwa dhidi ya nini?

Wanafunzi wako wamesema kweli katika mambo yote mawili, lakini jengo halisubiri chuma kiyeyuke ndipo lianguke. Linaanguka pale chuma kinapolegea, na kulegea huanza mapema sana. Hadi kufikia nyuzijoto 400 chuma cha ujenzi bado kina karibu nguvu zake zote. Kikifika 500 kimebakiwa na kama asilimia 78. Kwenye 600 kimeshuka chini ya nusu, na kwenye 700 hakifiki hata robo. Kwa kuwa boriti nyingi husanifiwa zikibeba zaidi ya nusu ya uwezo wao, wahandisi wamezoea kuchukua nyuzijoto 550 hivi kama mpaka wa hatari, ingawa mpaka halisi hutegemea mzigo uliopo siku hiyo.

Waandikishe sasa wanafunzi upande wa pili wa hesabu. Tanuri za majaribio huongozwa na mchoro wa joto unaokubalika kimataifa, ambao baada ya dakika 5 huwa umepita nyuzijoto 570, baada ya dakika 30 umefika 842, na baada ya saa moja 945. Chuma chembamba kisichokingwa, kikiwekwa katika moto wa namna hiyo, hufikia mpaka wake wa hatari kati ya dakika 10 na 20 hivi. Mara nyingi gari la zimamoto, hata likiwa limeitwa mapema, linakuwa ndiyo kwanza linatafuta mahali pa kusimama.

Kuna jambo lingine ambalo darasa lako litalipenda, nalo ni kutanuka. Boriti ya mita 10 ikipata ongezeko la nyuzijoto 500 hurefuka kwa zaidi ya sentimita 6, na kama ncha zake zimebanwa kwenye kuta za matofali, kuta hizo husukumwa nje. Ndiyo maana baada ya moto wa ghala utakuta kuta zimelala upande wa nje ilhali paa limedondokea ndani.

Mifano ipo. Januari 1967 ukumbi mkubwa wa maonyesho wa McCormick Place huko Chicago, uliokuwa na umri wa miaka michache tu, uliungua na paa lake la kenchi za chuma zisizokingwa likaporomoka. Februari 2005 jengo la Windsor mjini Madrid liliwaka usiku kucha wakati kazi ya kuzikinga nguzo zake za pembeni ilikuwa ikiendelea kutoka ghorofa za chini kwenda juu: sehemu za juu, ambako nguzo za chuma zilikuwa bado wazi, zilianguka, na zile za chini zilizokwisha kukingwa kwa sehemu kubwa zilibaki zimesimama. Sijui jaribio la maabara ambalo lingeonyesha tofauti hiyo wazi zaidi.

Ndugu Mhandisi, najenga ghala la nafaka na bidhaa za jumla hapa Makambako. Ndani nimeweka sakafu ya juu inayobebwa na nguzo 12 za chuma, kila moja mita 6, na juu yake kutakuwa na ofisi na stoo ya magodoro. Muuzaji amenipa bei ya ndoo moja ya lita 20 ya rangi ya kuzuia moto, akasema nipake mikono miwili nguzo zote, yatosha. Bei si ndogo. Je, ninunue?

Usinunue bado. Muuzaji huyo ameanza na ndoo, na wewe unapaswa kuanza na chuma.

Rangi anayokuuzia, kama kweli ndiyo yenyewe, hufanya kazi kwa kuvimba. Ndani yake mna viambato vitatu vinavyosubiriana: amoniamu polifosfeti, pentaerithritoli na melamini, vyote vimeshikwa na utomvu wa rangi. Joto la rangi likifikia kama nyuzijoto 200 hadi 250, utomvu unalainika, polifosfeti inavunjika na kutoa asidi, asidi inaikausha pentaerithritoli mpaka inageuka kuwa kaboni, na melamini inatoa gesi zinazoipuliza kaboni hiyo kutoka ndani. Rangi inaumuka kama andazi kwenye mafuta ya moto. Tabaka lililokuwa na unene wa milimita moja linaweza kuwa povu jeusi la sentimita 3, 4 au hata 5, na povu hilo lenye vitundu visivyohesabika ndilo linalozuia joto lisikimbilie kwenye chuma. Halizimi chochote. Magodoro yataendelea kuwaka. Kilichobadilika ni kwamba nguzo iliyo chini yake sasa inapata joto polepole.

Ukitaka kuamini macho yako, pakaza rangi hiyo kwenye kipande cha bati nene, kiache kikauke vizuri kwa siku kadhaa, kisha kielekezee moto wa jiko la gesi ukiwa nje. Utaona uso unang'aa kama umelowa, vilengelenge vinajitokeza, halafu povu linapanda taratibu na kugeuka rangi ya majivu kwa juu. Jaribio hilo linatosha kukuonyesha kwamba hukuuziwa rangi ya ukutani. Halikuonyeshi kwamba nguzo yako itasimama dakika 60, na baadhi ya wauzaji hulitumia kana kwamba linaonyesha.

Dakika hutokana na unene wa rangi, na unene unaohitajika hutokana na umbo la chuma. Wahandisi huchukua mzingo wa chuma unaoguswa na moto na kuugawanya kwa eneo la mkato wake. Jibu likiwa kubwa, maana yake ni ngozi nyingi na nyama kidogo, na chuma hicho kitapata moto haraka. Boriti ya umbo la I ya milimita 200, ile nyepesi inayouzwa kwa jina la IPE 200 yenye kilo 22.4 kwa mita, inatoa karibu 270 kwa mita ikizungukwa na moto pande zote. Nguzo ya HEB 200, ambayo kwa kimo ni sawa nayo lakini ina kilo 61.3 kwa mita, inatoa karibu 147. Zote mbili zinaitwa "chuma cha inchi nane" pale dukani, ila ya kwanza inahitaji tabaka nene zaidi kwa muda uleule. Kwa mabomba ya mraba kuna njia ya mkato ambayo fundi yeyote anaweza kuifanya kichwani: gawanya 1,000 kwa unene wa ukuta wa bomba kwa milimita. Bomba la milimita 3 linakupa 333, na la milimita 8 linakupa 125. Mabomba mengi ninayoona yakisimamishwa kama nguzo katika ukanda huu ni ya milimita 3, na kwa mabomba hayo kinga ya saa nzima kwa rangi ni ghali mno, mara nyingine jedwali la mtengenezaji halina hata mstari wake.

Tuirudie sasa ndoo yako. Tuseme nguzo zako ni IPE 200 na jedwali limedai milimita moja ya rangi iliyokauka. Nimechukua kipimo hiki ili tufanye hesabu tu, kwani kila bidhaa ina jedwali lake. Rangi za aina hii hubakiwa na takriban asilimia 70 ya ujazo wake zikikauka, kwa hiyo milimita moja iliyokauka inahitaji lita 1.43 kwa kila mita ya mraba. Mzingo wa IPE 200 ni mita 0.768, hivyo nguzo moja ya mita 6 ina mita za mraba 4.6 na inakula lita 6.6 kabla ya kuhesabu inayomwagika na inayobaki kwenye brashi. Ndoo ya lita 20 inamaliza nguzo tatu. Wewe una 12. Ukiitandaza ndoo hiyo moja kwa nguzo zote utapata robo ya unene, na robo ya unene haikupi robo ya salama kwa uhakika wowote, kwa sababu tabaka jembamba mno linaweza kupasuka au kudondoka kabla povu halijakaa sawa.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mambo mawili kwa maandishi: cheti cha majaribio ya moto ya bidhaa hiyo kwa ajili ya chuma cha ujenzi, kwa mfano kwa kipimo cha Ulaya cha EN 13381-8 au kile cha Uingereza cha BS 476 sehemu ya 21, na jedwali la unene linalotaja umbo la chuma chako, nyuzijoto za mpaka na dakika unazotaka. Asiyekuwa na jedwali anakuuzia rangi tu. Dakika zenyewe usiziamue peke yako. Peleka michoro katika ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mkoa wako, ambalo kwa Sheria ya mwaka 2007 ndilo lenye dhamana ya ukaguzi wa usalama wa moto katika majengo, na umhusishe mhandisi aliyesajiliwa, kwa kuwa ofisi iliyo sakafu moja na stoo ya magodoro ni jambo tofauti kabisa na ghala tupu lenye milango minne.

Hapa nitatoa maoni yangu ambayo wauzaji wa rangi hawatayafurahia. Kwa ghala lako nisingetumia rangi kwenye nguzo za chini hata kidogo. Makambako ina matofali ya kuchoma na mafundi wa kuyajenga. Ukuta wa nusu tofali uliozunguka nguzo pande zote, bila mwanya, kuanzia sakafuni mpaka chini ya boriti, hutoa kinga ya saa moja na zaidi, haudhuriki na unyevu, na haujali mikokoteni ya mizigo inayougonga kila siku. Njia nyingine ni zege la milimita 50 lenye wavu wa nondo kuzunguka nguzo. Rangi ningeiweka akiba kwa boriti za juu zinazobeba sakafu, ambako matofali hayawezi kupanda. Kenchi za paa ambazo hazibebi chochote zaidi ya mabati pengine ningeziacha kabisa: katika nchi nyingi, Uingereza ikiwamo, kwa kawaida kanuni hazidai kinga ya moto kwa vyuma vinavyobeba paa tu, isipokuwa pale vinapoushikilia ukuta ulio mpakani na jirani. Kama ghala lako limegusana na la mwenzako, hilo la mpakani lisemeni na Zimamoto mapema. Wanaokumbuka jinsi Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya lilivyoteketea mwaka 2006 wanajua moto unavyopokelewa na jirani.

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Uyole. Mteja alitaka rangi ya moto kwenye kenchi, nami nikampakia ile rangi ya fedha ya mabomba ya moshi, imeandikwa inavumilia nyuzijoto 600. Sasa mkaguzi ameikataa. Kosa liko wapi?

Marahaba, ndugu fundi. Mkaguzi yuko sahihi. Rangi ile ya alumini imetengenezwa ili yenyewe isibabuke inapowekwa juu ya kitu cha moto, kama bomba la moshi au egzosi. Inavumilia nyuzijoto 600 na inaliruhusu joto hilo lipite moja kwa moja hadi kwenye chuma, jambo ambalo kwenye bomba la moshi halina ubaya wowote. Chuma chako kitakuwa kimelegea huku rangi ikiendelea kung'aa.

Kuna bidhaa ya tatu inayochanganywa na hizi, nayo ni ile ya mbao na dari inayozuia miali isitambae juu ya uso. Nayo ni nzuri kwa kazi yake, ila cheti chake kinazungumzia kutambaa kwa moto na hakisemi lolote kuhusu nguvu ya nguzo. Soma cheti chenyewe, usisome ubavu wa kopo. Na ukipewa kazi ya rangi inayovimba, usiipake juu ya hiyo ya fedha. Iondoe yote kwanza.

Ndugu Mhandisi, nasimamia ujenzi wa jengo la kufungashia parachichi mkoani Njombe. Rangi inayovimba imefika, ni ya maji. Ni Julai, asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne, na vyuma vinatoka jasho. Mkandarasi anasema rangi ni rangi, tuendelee. Pia vyumba vya baridi vina kuta za mabati yenye sponji katikati. Je, rangi hii itazikinga nazo?

Mzuie mkandarasi wako mpaka umalize kusoma. Rangi hii inaogopa maji kuliko rangi nyingine unazozijua, kwa sababu polifosfeti iliyomo huvuta unyevu na huyeyuka, na ikishachuruzika nje kabla tabaka halijafunikwa, kinachobaki juu ya chuma ni kitu cheupe chenye unene unaofaa na kisichovimba. Hutaona tofauti kwa macho. Utaiona siku ya moto.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji karibu wote ni kwamba uso wa chuma uwe angalau nyuzijoto 3 juu ya kiwango cha joto ambacho umande huanza kujitokeza, na unyevu wa hewa usipite asilimia 80 au 85 kutegemea bidhaa. Chukua asubuhi ya Njombe: hewa ina nyuzijoto 12 na unyevu wa asilimia 90, hivyo umande unajitokeza kwenye kama nyuzijoto 10. Chuma kilicholala nje usiku kucha chini ya anga wazi huwa baridi kuliko hewa, pengine nyuzijoto 9, na ndiyo maana kinatoka jasho. Ukipaka hapo unapaka juu ya maji. Saa nane mchana hewa imefika 18, unyevu umeshuka hadi asilimia 60, umande bado uko kwenye kama 10, na chuma kimeshapata nyuzijoto 16 au 17. Hapo fanya kazi, lakini ujue dirisha lako ni la saa chache, kwa kuwa tabaka lililopakwa saa kumi na moja jioni litakutana na umande wa usiku likiwa bichi.

Nunua kipimajoto cha uso wa chuma na kipima unyevu. Kwa pamoja havifikii gharama ya ndoo moja. Andika vipimo kabla ya kila mkono wa rangi. Ndoo zenyewe zilale ndani, mbali na sakafu ya zege, maana rangi ya maji ikiganda barafu imeharibika, na baridi ya Njombe na Makete wewe unaijua kuliko mimi. Kama ratiba haisogei, ongea na msambazaji kuhusu aina ya thina, ambayo inastahimili baridi zaidi ingawa harufu yake ni kali na nayo inadai chuma kikavu. Upande wa chini yake, hakikisha chuma kimesafishwa kwa kupulizwa mchanga au changarawe za chuma mpaka kutu na magamba ya kiwandani yameondoka, na praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, iwe miongoni mwa zile zilizotajwa na mtengenezaji wa rangi ya juu. Praima isiyopatana nayo hulainika kwenye joto na povu lote hudondoka kama gamba. Vyuma vilivyopakwa zinki kiwandani vinahitaji praima yao ya kushika, kwani zinki mpya ni laini mno na rangi haing'ang'anii.

Msipake tabaka nene kwa mkupuo mmoja ili kuwahi. Juu litakauka, ndani litabaki na maji au thina, na baada ya wiki litapasuka kama tope la mfinyanzi. Wakati wa kupaka, fundi atumie kibati chenye meno kupima unene wa rangi mbichi, na ikikauka, msimamizi apite na kifaa cha sumaku kinachosoma unene mkavu, akitoa kwanza unene wa praima. Asome sehemu nyingi, hasa kwenye kingo za chuma na kona za ndani ambako brashi hupenda kuruka. Kisha rangi ya juu ya kuziba unyevu ifuate mapema.

Kuhusu kuta za sponji, jibu ni hapana. Rangi hii imejaribiwa juu ya chuma kinachobeba mzigo. Kuta nyingi za aina hiyo, ambazo sponji yake ni poliurethini, zikishika moto huwaka ndani kwa ndani nyuma ya bati, zikitoa moshi mzito, na watu wa chumba cha kufungashia wana dakika chache mno. Hapo fikiria milango ya kutokea, nyaya za umeme zisizopita katikati ya sponji bila bomba la kuzikinga, na kuchagua kuta zenye pamba ya mawe katikati kwa chumba kilichopakana na jenereta.

Ndugu Mhandisi, mimi nauza mbao Mafinga. Wateja wananikimbia wakisema kenchi za chuma ni salama zaidi kwa moto kuliko mbao za msindano. Je, ni kweli?

Inategemea unene wa mbao, na kwa kenchi za kawaida wewe na muuza chuma wote wawili mnapoteza. Mbao za msindano huungua kuelekea ndani kwa kama milimita 0.8 kwa dakika, na mbao iliyo nyuma ya tabaka la mkaa hubaki na nguvu zake kwa sababu mkaa wenyewe unazuia joto. Boriti ya milimita 150 kwa 300 iliyoungua pande zote kwa dakika 30 imepoteza milimita 24 kila upande, na moyo wake wa 102 kwa 252 bado unabeba. Boriti ya chuma chepesi isiyokingwa katika moto huohuo imeshalegea. Kwa hiyo mteja anayejenga ukumbi wenye boriti nene za mbao mwambie bila woga kwamba anachagua vizuri.

Lakini kenchi za mbao mbili kwa nne ambazo ndizo unauza kila siku zina milimita 50 tu. Toa 24 kila upande, zimebaki 2. Tena zile zinazounganishwa kwa vibati vya misumari huachia mapema zaidi, kwani meno ya vibati ni mafupi na huanza kushika mkaa. Usimwahidi mteja kitu hapo, wala muuza chuma naye asimwahidi. Dari nzuri ya jipsamu isiyo na matundu, chini ya kenchi za aina yoyote kati ya hizo, itamsaidia kuliko mabishano yenu.

Ndugu Mhandisi, nina bohari ndogo ya mafuta hapa Tunduma. Nguzo zinazobeba mabomba zimepakwa rangi inayovimba yenye cheti cha dakika 60. Nimeambiwa haitoshi. Inakuwaje, na cheti kipo?

Angalia cheti kimetaja moto wa aina gani. Dakika 60 za jengo la kawaida zimepimwa kwa moto wa mbao, karatasi na nguo, ambao unachukua saa nzima kukaribia nyuzijoto 950. Moto wa petroli au dizeli iliyomwagika hupanda ghafla. Katika kipimo cha UL 1709 tanuri inafikishwa karibu nyuzijoto 1,100 ndani ya dakika 5 na kushikiliwa hapo. Povu laini la rangi ya majengo huchanika na kupeperushwa katika mazingira hayo. Kwa bohari hutumika aina nzito ya epoksi yenye unene wa milimita kadhaa, mara nyingine ikiwa na wavu ndani, au zege la kawaida, na kwa miguu ya kubebea mabomba mimi ningeanza na zege. Pia hizo nguzo ziko nje kwenye mvua ya Novemba hadi Aprili. Kama rangi uliyopakiwa ni ya ndani, tayari ina shaka hata kabla ya kuzungumzia mafuta.

Ndugu Mhandisi, nasimamia jengo la ghorofa mbili Iringa mjini. Nguzo zilipakwa rangi inayovimba vizuri na hati zipo. Baadaye fundi wa viyoyozi alichomelea vishikizo kwenye nguzo tatu, na fundi wa mapambo akazivika nguzo mbao za kupendeza zilizobana kabisa. Nifanye nini?

Pale palipochomelewa, rangi imeungua kwa upana kuliko alama unayoiona. Kwangua mpaka ufike kwenye rangi inayoshika imara, lainisha kingo kwa msasa ili kusiwe na ngazi, safisha chuma kwa brashi ya waya, rudisha praima ileile, kisha rangi ileile mpaka unene ulioandikwa kwenye hati, na upime. Kishikizo chenyewe nacho ni mlango wa joto kuingia kwenye nguzo, hivyo kipakwe kwa urefu wa kama nusu mita kutoka kwenye nguzo, au chote kama ni kifupi.

Mapambo yaliyobana ni tatizo kubwa zaidi. Rangi ya milimita moja inahitaji nafasi ya hadi sentimita 5 ili ivimbe, na ikikuta mbao zimeikaba itavimba nusu au haitavimba. Yaondolewe, na yakirudi yawekwe kwa umbali huo, yakishikwa na vipande vya chuma vichache vilivyokingwa pia. Hati za rangi, zenye jina la bidhaa, unene na tarehe, ziwekwe pamoja na michoro ya jengo, na kibandiko kidogo kiwekwe kwenye kila nguzo kikisema kwamba hairuhusiwi kuchomelea, kutoboa wala kupaka rangi nyingine bila idhini yako. Fundi wa viyoyozi anayefuata hatakuwa amesoma barua yako.